Risasi za Babu Yake Didas

Watu wa hapa Kilolo wakianza kusifia bunduki mbele yangu, nanyanyuka naenda zangu jikoni. Mume wangu Didas alirithi bunduki ya babu yake, ya wanajeshi wa zamani, pamoja na boksi la risasi zake. Aliipenda, jamani. Kila Jumapili tukitoka misani yeye anaipaka mafuta, mimi nahangaika na watoto.

Mwaka jana tulikwenda Mbeya kwa Anwari, mwenye duka la bunduki, kutafuta risasi nyingine. Anwari aliigeuzageuza risasi moja tuliyompa kama mfano, akasema, "Kaka Didas, hizi siuzi, na hakuna anayeziulizia. Ni za vita. Kichwa chake kigumu mpaka kwenye ncha, inaingia huku inatokea kule kama sindano kwenye kitambaa. Askari akitobolewa hivyo, vita kwake imekwisha. Mnyama anaondoka zake. Risasi ya kuwindia ina ncha laini, ikiingia inapanuka, inamwangusha palepale. Ndiyo maana wawindaji walizikataa hizi tangu zamani."

"Babu alitulisha nyama kwa hizihizi," Didas akajibu.

Babu yake alikuwa anapiga swala, mnyama mdogo. Nilimwambia hivyo njiani, akacheka, akasema mambo ya bunduki niwaachie wanaume. Nilimnunia mpaka Makambako.

Mwezi wa tano nyati dume akatoka msituni, akaingia kwenye mahindi yetu, akamfukuza mama mmoja aliyekwenda kuteka maji. Askari wa wanyamapori walipigiwa simu, wakasema wako njiani. Watu hawakuwa na subira, wakamjia Didas. Akaondoka asubuhi ileile na mdogo wake, Silvester. Nikasikia mlio mmoja, nikamshukuru Mungu.

Kumbe mapema mno. Walirudi mikono mitupu. Risasi ilimpata nyati nyuma ya bega, akashtuka tu, akakimbilia msituni.

Kwetu aliyemwaga damu ya mnyama ndiye anayemmaliza. Hatumwi mwingine, wala hasubiriwi askari, maana watoto wanaokota kuni kule na nyati mwenye jeraha hachagui mtu. Nililijua hilo. Bado nilimshika mkono pale mlangoni mbele ya watu, wala sikuona aibu.

"Baba Goodness, subiri hata kidogo. Kama imempata, atakufa mwenyewe."

"Akimuua mtoto wa mtu, uso wangu nitauweka wapi?" Akanibandua vidole taratibu, akamkataza Silvester kumfuata, akaenda.

Silvester alimfuata hivyohivyo, ndiye aliyemkuta amelala chini, hana uhai. Nyati alizunguka, akamvizia Didas kando ya nyayo alizokuwa anazifuata. Didas aliwahi kufyatua mara moja tena, na hiyo nayo ikaingia huku ikatokea kule. Hayo alinisimulia Silvester. Nikamwuliza nyati yuko wapi. Nikamtikisa mabega.

"Yuko palepale, shemeji. Amekufa karibu na kaka. Ile risasi ya kwanza ilitoboa mapafu, alikuwa anavujia ndani."

Kwa hiyo ilikuwa inamuua. Ilimuua polepole tu, na mume wangu hakusubiri. Moyo wangu ulipasuka siku ile, na haujaungana.

Kwa desturi yetu mnyama ni wa nyumba ya aliyempiga kwanza. Jioni wanaume wakaja vichwa chini, wakatua paja la nyati mbele ya nyumba aliyolazwa Didas. Waombolezaji walijaa uani, na watu wa msiba lazima wale. Nikajifunga khanga kiunoni, nikaomba kisu. Silvester akasema, shemeji, acha. Niache nimwachie nani? Nilikata mwenyewe, nikapika mwenyewe.

Watu wakala, na mimi nikala. Nyama ilikuwa tamu. Hilo sijamwambia padri wala mama yangu, kwamba ilikuwa tamu, na kwamba nilikuwa natafuna huku namgombeza Didas moyoni, kwa nini hakukaa kidogo tu, tukaila wote.