Kikohozi cha Ubeti wa Pili

Shule ilipofunguliwa tena, chumba cha muziki kilikuwa kimejaa madawati. Watoto hawakuruhusiwa kukaa wakigusana, kwa hiyo kila darasa lilitoa madawati yaliyozidi, na madawati hayo yalirundikwa humo mpaka usawa wa dirisha. Ngoma zilikuwa chini yake. Filimbi zilifungiwa kabatini, ofisini, kwa sababu kitu cha kutoka kinywa hadi kinywa hakikuwa na rafiki tena.

Mwalimu wa muziki alisimama mlangoni, ufunguo mkononi. Ufunguo wenyewe haukuwa na kazi, maana mlango haukufungika.

"Binti yangu, mimi sina ugomvi na muziki," alisema mwalimu mkuu, aliyemfuata kwa nyuma. Barakoa yake ilikuwa imeteremka hadi kidevuni, akaipandisha. "Nimeimba kwaya miaka yangu, sauti ya nne. Lakini darasa la sita wanataka chumba, na mwalimu wa hesabu anataka kipindi chako cha Alhamisi. Watoto wamekaa nyumbani hadi wamesahau kugawanya."

"Wimbo hawajausahau, mkuu. Nimewafundisha kwa simu."

"Kwa simu?"

"Ujumbe wa sauti. Wazazi waliwafungulia wakasikiliza."

Mwalimu mkuu aliyatazama madawati kana kwamba yangemshauri. "Basi siku ya kufunga muhula nionyeshe. Wasimame mbalimbali, barakoa usoni, na mtu asikohoe. Wakiimba kitu kikaeleweka, kipindi ni chako. Wasipoweza, nawapa watu wa hesabu, na tusinuniane."

Wimbo wenyewe ulikuwa mfupi, wa beti tatu, kuhusu jua lililochelewa kuamka likakuta kazi zote zimeshafanywa. Mwalimu aliutunga mwenyewe na kuurekodi jikoni, katika nyumba ya vyumba viwili aliyoishi na baba yake. Baba alikuwa fundi cherehani mstaafu, na kifua chake kilikuwa kibovu tangu zamani. Wengine walisema ni vumbi la pamba. Siku ile, ubeti wa pili ulipokwisha, baba alikohoa mara mbili chumba cha pili. Mwalimu alinyamaza, akamngoja amalize, kisha akaingia ubeti wa tatu. Angeweza kuanza upya. Lakini alikuwa amekwisha kuanza upya mara nyingi, na safari hiyo sauti ilikuwa imemkaa vizuri. Akautuma ujumbe hivyo hivyo. Aliona kwamba mtoto yeyote angejua upi ni wimbo na yupi ni mzee.

Baba alifariki kabla shule hazijafunguliwa. Ni kile kifua chake cha siku zote, haukuwa ugonjwa uliokuwa ukitangazwa, ila majirani hawakusogea karibu kuuliza tofauti. Waliomzika walihesabika, nao walisimama mbalimbali. Ule ujumbe ulibaki kwenye simu ya mwalimu. Hakuufuta, wala hakuufungua tena.

Mazoezi ya kwanza yalifanyika nyuma ya maktaba. Mwalimu alichora miduara kwa chaki, kila mtoto akasimama katika wake. Waliimba ubeti wa kwanza, na kitambaa kiliwafanya wasikike kama wamo ndani ya mtungi, lakini waliimba sawasawa. Ubeti wa pili pia. Ulipokwisha, wote walinyamaza pamoja. Kisha wote wakakohoa mara mbili. Kisha wakaingia ubeti wa tatu, bila mmoja wao kucheka.

Dirisha la ofisi lilifunguka. "Nani huyo anakohoa?"

"Wote, mkuu," alijibu mwalimu.

Mwalimu mkuu alitoka na kipimajoto mkononi. Akampima aliyekuwa karibu zaidi, kisha wa pili, kisha akachoka. "Hawana joto. Sasa wanakohoa nini?"

Aliyejibu ni msichana waliyemwita Kipaza, kwa kuwa hakuhitaji kipaza sauti. "Si ndivyo tulivyofundishwa? Kikohozi cha kwanza kizito, cha pili chepesi. Mimi mwanzoni nilikuwa navitoa vyote vizito, bibi akanisahihisha."

Mwalimu aliinama akaurudia kwa chaki mduara ambao haukuwa umefutika. Alichukua muda mrefu kidogo kuliko mduara ulivyohitaji.

"Hicho kitoke," mwalimu mkuu alimwambia. "Wazazi wakisikia watoto wao wanakohoa kwa kwaya, watavunja geti."

Lakini kukitoa ilikuwa rahisi kusema. Mwalimu aliwaambia wapitilize, na nusu wakapitiliza, nusu wakangoja. Akawaambia wahesabu kimoyomoyo, na kila moyo ukahesabu kwa mwendo wake. Zamani walikuwa wakimtazama kinywa: kikifunguka kuvuta pumzi, nao wanavuta. Sasa palikuwa na kitambaa.

"Mwalimu, ni kama ngazi imeng'olewa kidato," alisema mvulana mmoja mwenye miwani, aliyeitwa Profesa hata na walimu. "Mguu unakwenda, haukuti kitu."

"Kwani ni kikohozi cha nani?" aliuliza Kipaza.

"Cha baba yangu. Alikuwa fundi cherehani."

Profesa alifikiri. "Anakwenda na mapigo."

"Ni kanyagio la cherehani," alisema mwalimu. "Alilizoea."

Akaenda chumba cha muziki, akavuta dawati moja kutoka kwenye rundo. Mengine yaliporomoka kidogo, kisha yakatulia. Akalileta nje, akamweka Profesa mbele yake. Kizito kwa ngumi, chepesi kwa vidole. Walijaribu. Ngumi, vidole, ubeti wa tatu. Wakaingia wote kwa pamoja, hata yule wa mduara wa mwisho. Walirudia kila Alhamisi hadi mtu yeyote asingejua kwamba hapo palikuwa na kitu kingine.

Siku ya kufunga muhula, wazazi walisimama nyuma ya kamba, kila mmoja na kivuli chake. Mwalimu wa hesabu alikuwepo, mikono nyuma. Mwalimu mkuu alisimama pembeni ambapo angeweza kuwaona watoto na wazazi kwa pamoja.

Ubeti wa kwanza ulikwenda vizuri. Ubeti wa pili ulikwenda vizuri zaidi. Ukaisha. Profesa akainua ngumi.

Kabla haijashuka, upande wa wazazi ulikohoa. Hakikuwa kikohozi cha mtu mmoja. Walikohoa akina mama na mabibi, akakohoa na mlinzi wa geti ambaye mjukuu wake alikuwa darasa la tatu: kimoja kizito, kimoja chepesi. Watoto wakaingia ubeti wa tatu hapo hapo, mahali pake hasa. Ngumi ya Profesa ilibaki hewani.

Wazazi walitazamana. Kwa miezi ujumbe ule ulikuwa umelia majikoni, wakati wa kufua, wakati wa kusuka nywele, na hakuna aliyejua kwamba naye amefundishwa. Mabega yakaanza kutikisika kwa kicheko nyuma ya kamba. Watoto hawakujali; waliendelea hadi jua likaamka likakuta kazi zimekwisha, wakainama kama walivyofunzwa.

Bibi yake Kipaza ndiye aliyesogea kwanza. Mwalimu alimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Na yule mzee wa kwenye simu hajambo?"

Mwalimu alikunja barakoa kidogo pembeni, akaiachia. "Ametutoka, bibi. Kabla shule hazijafunguliwa."

"Aah. Pole sana, mwanangu. Nasi wala hatukujua. Kwetu kila akikohoa tulikuwa tunamwambia 'pole, babu'. Mpaka huyu mdogo asiyejua kusema vizuri. Kila siku, 'pole, babu'."

"Hata kwetu," alisema mama mmoja aliyekuwa bado nyuma ya kamba.

"Ahsanteni," alisema mwalimu.

Mwalimu mkuu alingoja hadi wazazi wametawanyika. "Nilisema mtu asikohoe."

"Watoto hawakukohoa, mkuu."

"Hilo nimeliona." Alitazama chini, akakuta amesimama ndani ya mduara wa chaki, akatoka. "Alhamisi ni yako. Mwenzako wa hesabu nitazungumza naye. Lakini chumba sina, nisikudanganye. Utawafundishia hapa hapa nje."

"Chumba wachukue. Naomba niachiwe dawati moja."

"Lile la kugonga?"

"Lile."

Mwalimu mkuu alikubali kwa kichwa, akaenda zake. Akiwa njiani kuelekea ofisini alisikika akivuta ule wimbo kwa chini, sauti ya nne, ambayo wimbo wenyewe haukuwa nayo.

Profesa alikuwa bado kando ya dawati, amenuna. "Mwalimu, mimi sikugonga. Walinitangulia."

"Nimeona. Shika upande huo tulitoe juani," alisema mwalimu. "Utagonga Alhamisi."