Chai ya Ukweni

Mume wangu Luhende ana kisukari na ana kiburi, na sijui kipi kitatangulia kumuua. Nesi wa kliniki alimwelekeza vizuri nikiwa nimekaa pembeni: ugali upunguze, mboga za majani zijae sahani, soda na chai ya sukari achana nazo, na ukishameza dawa lazima ule. Yeye akashika neno kupunguza tu. Tangu siku hiyo, kila akikosa mlo anajiona mgonjwa hodari kuliko wote wa Momba.

Asubuhi ya kupeleka mahari ya mwanetu Makene alimeza vidonge, akapanda gari. Nilikuwa nimemfungia kande. Akanirudishia.

"Si mlisema nipunguze kula? Leo napunguza vizuri."

Nilitamani kumzaba kofi, ila dereva alikuwa anatuangalia.

Kutoka Ndalambo hadi milima ya Ileje si karibu. Tulipofika kwa wakwe jua lilikuwa utosini. Wanaume wakaingia sebuleni, mimi nikapelekwa jikoni kwa Nesta, mama wa binti. Kuku alikuwa anachemka, ugali umeshasongwa. Nikashusha pumzi, nikajua sasa atakula.

"Bado, mkwe," Nesta akaniambia. "Hapa kwetu mgeni wa mahari hagusi kitu mpaka waelewane. Akila kabla, basi amekubali walichomtajia."

Ningemwambia palepale. Lakini Luhende alikuwa amenikataza kuutaja ugonjwa wake ukweni, eti watasema ukoo wetu una maradhi, wakatae kumtoa binti yao.

Nikakaa, nikasimama. Nikachukua kisu nikamenya ndizi ambazo hakuna aliyeniomba nizimenye. Sebuleni mshenga wetu Efraimu alikuwa anaongea, watu wanacheka, kisha kimya, kisha ubishi wa ng'ombe unaanza upya. Nesta akaniuliza kama natafuta choo. Nikasema ndiyo, ili nipate kupita dirishani.

Luhende alikuwa anafuta jasho. Wenyeji wake wamevaa makoti kwa baridi, yeye shati limelowa mgongo mzima. Mikono ameibana katikati ya magoti isionekane inavyotetemeka. Efraimu akamuuliza jambo kuhusu mitamba, naye akajibu kwamba mvua itanyesha.

Nesi alisema jasho na kutetemeka vile ni sukari kushuka, na kwamba haisubiri mtu. Nilirudi jikoni mbio, nikamimina chai, nikaanza kutia sukari mpaka Nesta akanishika mkono.

"Mkwe, unafanya nini?"

"Mume wangu ana kisukari. Amemeza dawa hajala. Tukimwacha hivyo atakufa nyumbani kwako."

Akaniachia mkono, kisha akaongeza kijiko kingine yeye mwenyewe.

Niliingia sebuleni bila hodi. Gwamaka, baba wa binti, akanitazama kama mtu aliyeona mbuzi ameingia kanisani. Nikapeleka kikombe mdomoni kwa Luhende. Akabana meno.

"Sinywi," akasema kwa shida. "Nikinywa nimekubali."

Nikawageukia wazee. "Tumekubali. Chochote mlichotaja, tumekubali." Nikamgeukia yeye. "Kunywa."

Akanywa, nyingine ikamwagikia shatini. Nikamshikia kichwa hadi kikombe kikaisha. Jikoni wanawake wakaanza vigelegele, maana chai imenywewa, na Gwamaka akaagiza chakula kiletwe haraka. Hakuna aliyenifukuza. Nikabaki nimechuchumaa pale, namwangalia machoni, mpaka jasho likakauka na akanitambua.

"Unajua umekubali nini?" akaniuliza polepole.

"Sijui, na sitaki kujua."

"Ng'ombe wengine wote tulishaelewana. Walibaki wanamng'ang'ania yule wa maziwa, uliyepewa na baba yako. Nikawaambia yule ni wa mke wangu Christina, mimi sina mamlaka naye. Ndiyo maana tulichelewa."

Nilikuwa nimemwekea matusi tangu Ndalambo, mengine ya kutosha njia ya kurudi. Nikayatafuta, sikuliona hata moja. Nikaanza kulia mbele ya wakwe, kikombe kitupu kiko mkononi.