Nyasi za Rigmor Stenvall

Jumapili ya kwanza ya Mei 1974, saa tatu asubuhi, wanawake wa timu ya mji mdogo wa Hultsbo walikuwa wameinama kwenye kiwanja cha changarawe nyuma ya kiwanda cha mikate mikavu, wakiokota vipande vya chupa na kuvitia kwenye ndoo. Ng'ambo ya uzio kulikuwa na kiwanja cha nyasi, kitupu, kimekatwa jana yake, mistari yake myeupe bado mibichi. Pale wangecheza wanaume, saa nane mchana. Egon, mtunza viwanja, alikaa langoni kwenye kiti cha kukunja akinywa kahawa, maana kanuni za klabu zilisema lango la nyasi lisiachwe bila mtu.

"Egon, tuazime japo nusu," alisema Maj-Lis, kipa. "Tutanyata. Hata nyasi zenyewe hazitajua."

"Nyasi zinapumzika."

"Zimechoshwa na nini? Wanaume wenu wamefungwa sita juzi na hakuna aliyetokwa jasho!"

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame, Maj-Lis."

"Tumeinama miaka minne, mwenzangu. Huo mvungu wenyewe hatujauona."

Egon akajimiminia kahawa nyingine.

Rigmor Stenvall aliweka ndoo chini. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, mshambuliaji wa kati, na siku za kazi alipanga mikate kwenye maboksi. Magotini alikuwa na changarawe ambazo daktari alijaribu kuzitoa mara mbili, kisha akakata tamaa. Alikuwa akizitazama nyasi. Alizitamani kwa njaa, na hakuona aibu. Alitaka siku moja acheze mechi ya ligi pale, aanguke asichubuke, afunge, na Holger mwenyekiti alisome jina lake kwenye kipaza sauti, la kwanza na la ukoo. Basi. Kombe wangeweza kubaki nalo.

Siku ile alifunga dakika ya kumi na mbili. Mpira ulipotulia wavuni, pale alipokita mguu wa kushoto paliota nyasi, duara la ukubwa wa sahani. Refa alilitazama, akafungua kijitabu cha sheria, hakuona palipokatazwa, akapuliza kipyenga. Rigmor akafunga mengine matatu. Jioni Egon aliandika kwenye daftari lake: "Lango la kaskazini, kutu. Changarawe, nyasi, madoa manne." Kisha akaenda kula.

Ikawa hivyo kila mechi. Goli la kichwa lilitoa nyasi laini zaidi, la penalti lilitoa chache, nazo za manjano kidogo. Theluji ilizifunika, theluji ikayeyuka, zikawa zipo, tena zimetambaa. Timu pinzani zililalamika mara moja tu kwamba mpira unadunda ovyo. Zikaambiwa zifunge magoli ya kwao.

Mwaka 1978 klabu kubwa ya mji wa mkoa ilimwita. Kule hata wanawake walichezea nyasi. Rigmor alipanda basi la saa moja na begi lake, na mama yake akasema, "Haya, umepata ulichokitaka, sasa usijivune." Lakini kule nyasi zilikuwa tayari zipo, na za Rigmor hazikuwa na pa kuota isipokuwa kwenda juu. Kwa goli la kwanza zilifika magotini. Kufikia mechi ya tano, eneo la penalti lilikuwa kichaka, na winga mmoja wa wageni aliingia humo dakika ya thelathini, akatoka kipindi cha pili akimenya chungwa. Mtangazaji alifanya alichoweza. "Goli," alitangaza kila mara. "Mfungaji haonekani."

Baada ya mechi saba mashine ya kukatia nyasi iliharibika, na klabu ikamwandikia Rigmor barua ya heshima. Ilimshukuru kwa magoli kumi na tisa na kumtakia kila la heri kwenye changarawe.

Akarudi Hultsbo. Hakuna aliyemcheka, isipokuwa Maj-Lis, ambaye alimcheka kwa wote.

"Enhe, msichana wa mjini! Nyasi zilikuwaje?"

"Ndefu," alisema Rigmor.

Akaendelea kufunga. Wale walioijua hesabu yake hawakuzidi watano, kwa sababu ubao uliokuwa ukumbini mwa klabu uliorodhesha wafungaji wa kiume tu, na wa juu kabisa alikuwa na themanini na saba. Yeye, kufikia vuli ya 1983, alikuwa na mia nne na kumi na moja kwa Hultsbo peke yake. Kiwanja cha changarawe kilikuwa kijani chote, ila upara mdogo penye kibendera cha kona, kwani nani hufunga kutoka pale? Jumapili ya mwisho ya msimu Rigmor aliuweka mpira pale, akarudi hatua tatu, akapiga kona iliyokwenda moja kwa moja wavuni. Upara ukaziba.

Baada ya mechi alilala kifudifudi katikati ya kiwanja. Zilikuwa nyasi bora kuliko zote mkoani, fupi, nene, zimelingana. Wenzake walimwacha alale. Maj-Lis alihesabu hatua kutoka kwenye kibanda cha kipaza sauti, ng'ambo ya uzio, hadi pale alipolala.

"Waya unafika," alisema. "Mechi ya kwanza mwakani, jina lako litasikika mpaka kanisani."

Rigmor alilia kidogo, akajipangusa kwa jezi.

Mkutano mkuu wa klabu ulifanyika Februari, kama ada, kwa kahawa na maandazi yenye iliki. Ajenda ya kumi na moja ilihusu viwanja. Holger alivaa miwani.

"Klabu sasa ina viwanja viwili vya nyasi," alisoma. "Cha zamani kimechakaa. Je, mkutano unaafiki kwamba kiwanja kilicho bora kitumike kwa mechi zilizo muhimu?"

Nani mwenye akili zake angekataa? Wanawake walikuwa wakiongoza ligi yao, wanaume walikuwa wameshuka daraja. Rigmor alisema "Ndiyo," na sauti yake ndiyo iliyosikika kuliko zote. Holger akagonga nyundo.

"Kwa hiyo wanaume wanahamia kipya. Ajenda ya kumi na mbili. Klabu haina tena kiwanja cha changarawe kwa ajili ya wanawake. Je, mkutano unaafiki kwamba cha zamani kimwagiwe changarawe?"

Maj-Lis alimfinya Rigmor paja. "We! Umesema ndiyo!"

"Nilidhani mechi muhimu ni zetu."

"Nani alikwambia hivyo?"

Rigmor alifikiri. Ni kweli, hakuna aliyewahi kumwambia. Angeweza kusimama, mdomo alikuwa nao. Lakini kwetu nyundo ikishagonga imegonga, na anayenyanyuka baada yake huonekana hakulelewa. Ajenda ya kumi na mbili ikapita. Maj-Lis peke yake alisema "Hapana," Holger akamsikia, akaagiza iandikwe, akagonga. Kisha akapita mezani na sahani ya maandazi.

"Ahsante, Rigmor," alisema, na alisema kwa dhati. "Watu wenye moyo wa klabu kama wewe wamebaki wachache."

Mei ilipofika wanawake wa Hultsbo waliinama kwenye changarawe mpya, iliyokuwa na ncha kali kuliko ile ya kwanza. Ng'ambo ya uzio Egon alikuwa amehamisha kiti chake. Mechi ilianza saa tatu. Dakika ya saba Rigmor alipokea pasi, akamzunguka beki, akafunga chini kushoto. Wakati huohuo kipaza sauti kilikohoa upande wa pili. Holger alikuwa akikijaribu kwa ajili ya mchana. "Moja, mbili," kilisema. "Moja, mbili."

Penye mguu wake wa kushoto nyasi zilikuwa zimeshaota. Maj-Lis aliacha lango lake, akakimbia uwanja mzima, akafika akihema.

"Ng'oa, shoga."

"Ngoja kwanza."

"Tunangoja nini? Wakiziona watakuja kuchukua na hiki. Ng'oa."

Rigmor alipiga magoti. Zilikuwa na umande. Alizipitishia kiganja mara moja, akitamani aziwekee shavu, kisha akazishika zote kwa mkono mmoja na kuzivuta zikatoka na mizizi. Refa, mgeni mahali pale, alisogea.

"Unaokota nini, namba tisa?"

"Magugu," alisema Rigmor.

Refa akaitikia kwa kichwa, akaandika goli.