Jino Moja

Jumatatu moja mwanzoni mwa mwezi wa tano, Filofteia alikwenda gereji kwa Sile kuchukua lori lake. Alimkuta fundi ameketi juu ya tairi, anakula mkate na kitunguu kibichi. Funguo za lori alizitoa mfukoni bila kufuta mikono. Alisema mkanda wa taimingi ni mpya, pampu ya maji ni mpya, na kama lingekuwa ng'ombe lingezaa mapacha.

Lori lile lilikuwa la nyuki. Mizinga ilijengewa humo humo kwenye bodi, pande zote mbili, kama makabati, na kila mzinga ulikuwa na mlango wake mdogo wenye rangi yake. Kila mwaka Filofteia aliyafuata maua: mwezi wa tano migunga myeupe ya ukingoni mwa Danubi, mwezi wa sita miti ya tei kule vilimani, mwezi wa saba alizeti. Nyuki walikuwa wa mama yake, na kabla ya hapo wa bibi yake. Hakuwa na mume wala mtoto, na alipoulizwa kuhusu watu wake wa nyumbani alikuwa akijibu kwamba wako kwenye lori. Mwaka ule walitoka kwenye baridi wamekonda, na akiba yao ya asali ilikuwa imekwisha. Wasingepata migunga, wasingefika mbali.

Njiani injini iligongagonga, lori likatoa moshi mweusi, na kwenye kilima kidogo tu likapumua kama mzee aliyebebeshwa kabati. Filofteia aliliegesha mahali alipoegesha miaka yote. Alipomaliza kufungua milango ya mizinga, maua yaliyokuwa juu ya lori yalikuwa yamegeuka rangi ya chai. Kisha yakaanguka. Mpaka umbali wa jiwe la kutupwa kwa mkono, migunga yote ilikuwa na maganda ya mbegu, na nyasi zilikuwa zimekauka ncha. Kuanzia hapo kwenda mbele, msitu ulikuwa mweupe na ulinukia.

Jirani yake Anghel, ambaye mizinga yake ilikuwa upande wa pili wa njia, alikuja akaokota ganda moja, akalivunja na kuzitazama mbegu.

"Dada Filo, umetujia na mwezi wa sita."

"Nimetoka kwa Sile."

"Aa. Atakuwa amekosea jino."

Mkanda wa taimingi una meno, na gia unazozungusha zina alama. Alama zikitazamana, injini hupumua kwa wakati wake. Fundi akiruka jino moja, kila kitu ndani hufunguka kimechelewa. Mafundi huita taimingi. Watu wa vitabuni huita majira ya injini, na safari hii watu wa vitabuni ndio waliopatia.

Nyuki walitoka. Walizunguka ndani ya duara lile, wakafika mpakani mwake, wakarudi. Kwao migunga ilikuwa imeshapita, na nyuki hafuati maua ya mwezi uliopita. Anghel alisubiri kidogo kwa heshima, kisha akamwomba Filofteia asogeze lori, kwa sababu duara lilikuwa limeshakula safu mbili za maua yake.

Filofteia akarudi gereji.

"Linawaka?" Sile akauliza.

"Linawaka."

"Linatembea?"

"Linatembea, lakini kila ninapoegesha maua yanaanguka."

"Sasa mama, mimi nafunga mikanda. Sifungi maua."

"Umekosea jino, Sile."

"Jino moja tu! Mimi mwenyewe nina mapengo mawili, na nyama nakula."

Watu waliokuwa wakisubiri magari yao wakacheka, kwa sababu magari yao yalikuwa bado mikononi mwake. Wakati mmoja Sile alikuwa fundi mzuri. Lakini mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na yeye alikuwa amesifiwa mno, tena na watu wasio na gereji nyingine ya kwenda. Alikubali kulitazama lori tena. Aliusogeza mkanda jino moja upande usiofaa, yakawa mawili. Katika kuhangaika akazisaga bolti za kifuniko cha mkanda mpaka vichwa vikawa vya mviringo kama njegere, spana haishiki tena. La kuvunda halina ubani, lakini Sile alikuwa na mashine ya kuchomelea. Alikichomelea kifuniko pande zote, akapiga rangi ya fedha juu yake.

"Hapo hapatakusumbua tena," akasema.

Kwenye miti ya tei, mwezi wa sita, majani yalikuwa ya njano kabla Filofteia hajavuta breki ya mkono. Nyuki walifanya wanachofanya nyuki vuli ikiingia: waliwakamata madume yao mbawa, wakawaburuta hadi mlangoni na kuwasukuma nje. Madume walitambaa juu ya bodi ya lori huku jua la kiangazi likiwaka vizuri tu ng'ambo ya duara. Filofteia aliwafagia kwa ufagio wa mkono. Alikuwa na hasira ya kuvunja kitu, ila kila kitu kilichokuwa karibu kilikuwa chake mwenyewe.

Alikwenda kwa fundi wa mjini. Fundi wa mjini aliiinamia ile rangi ya fedha, akaigonga kwa kucha, kisha akatia mikono mfukoni.

"Hii kazi ya mwenzangu, mama. Siigusi."

"Lakini unaona ameharibu."

"Naona. Leo yake, kesho yangu."

Alikwenda kwa meya. Meya alimkaribisha kahawa. Alikuwa ameoa dada yake Sile, kwa hiyo alilifahamu suala hilo kwa undani. Alisema kijiji kina fundi mmoja, na kijiji chenye fundi mmoja hakimvunji moyo. Alimsindikiza mpaka mlangoni na kumshika mkono kwa mikono yake yote miwili, kama msibani.

Mwezi wa saba, akiwa njiani kwenda kwenye alizeti, Filofteia alisikia mkanda ukiruka jino la tatu wenyewe. Lori lilizimika palepale mbele ya kanisa, halikuwaka tena. Siku hiyo lami ilikuwa inashika viatu kwa joto. Saa tisa mchana theluji ikaanza kuanguka juu ya lori, polepole, ikalala kwenye bodi, kwenye kioo na juu ya milango midogo ya rangi.

Watu wa kijiji hawakuchelewa. Jioni ile waliviringisha matikiti maji na kuyafukia kwenye theluji. Kesho yake wakaleta bia, na mama mmoja akaleta samaki wa arusi ya mwanawe. Wazee waliweka viti pale ambapo miguu inapata baridi na kichwa kinapata jua. Sile naye akaja na kiti cha kukunja.

"Msiguse kile kifuniko," aliwaambia watu. "Hiyo kazi yangu."

Hakuna hata mmoja aliyeuliza habari za nyuki. Hilo lilimuuma Filofteia kuliko mapengo ya Sile. Asubuhi na jioni alipita kati ya viti akiomba radhi, akaweka sikio kwenye kila mzinga na kugonga kwa kidole. Ndani walijibu kwa mvumo mzito, wa nyuki waliokumbatiana kumlinda malkia na baridi. Aliwawekea maji ya sukari yakaganda. Alileta msumeno, akakata mzinga mmoja na kuukimbiza nje ya duara. Nyuki walitoka kwenye baridi ya mwezi wa kwanza wakaingia kwenye jua la mwezi wa saba, na nta ikayeyuka ikawamwagikia. Msumeno akaurudisha nyumbani.

Baada ya hapo alikuwa anagonga tu. Mizinga iliyojibu ilizidi kupungua, na siku ya mkesha wa Bikira Maria, mwezi wa nane, hakuna uliojibu.

Kijijini pale ng'ombe hufa, mbwa hufa, na farasi hufa hata akipendwa vipi. Nyuki peke yao husemwa wamefariki, sawa na binadamu, na mtoto anayekosea neno hilo hupigwa kofi dogo la mdomo. Kwa hiyo Filofteia alifanya kama inavyotakiwa. Alichemsha ngano mpaka ikapasuka, akaipondea lozi, akachora msalaba juu yake kwa kakao, na kupita nyumba kwa nyumba na bakuli na vijiko. Chakula cha marehemu hakikataliwi. Kila mtu alichukua kijiko chake, akasema Mungu awarehemu, akala. Anghel alikula amesimama, kofia mkononi, akalia waziwazi.

Mwisho alifika gereji. Sile alikuwa ameinama kwenye gari la wagonjwa la zahanati, lile la pekee kwa vijiji vyote vya bonde lile. Boneti ilikuwa wazi na mkanda wa zamani ulikuwa chini sakafuni. Alinyoosha mkono wenye grisi, akapokea kijiko.

"Mungu awarehemu," akasema. "Nani kafa?"

"Nyuki wangu."

"Aa. Nyuki hufa, mama."

"Hufariki."

"Haya, hufariki." Alitafuna, akafikiri kidogo, akarudisha kijiko bakulini. "Tamu. Lakini ungetia asali."

"Sina asali."

"Ndiyo maana."

Aligeuka akaendelea na kazi. Mkanda mpya ulikuwa umeshapita kwenye gia zote mbili, na bado kukaza tu. Filofteia alisimama nyuma yake na bakuli lake. Alama mbili nyeupe zilionekana wazi kutoka pale aliposimama, moja juu, nyingine imepita pembeni.

"Sile, alama hazitazamani."

Sile alizitazama, hakukana.

"Zinatazamana vya kutosha," akasema, akakaza bolti.