Kikohozi cha Chumba cha Nyuma

Kwa Adolphine, pale Bagira, majirani waliingia asubuhi kuomba moto, wakatoka jioni wakiwa wameshamaliza habari za mji mzima. Ndiyo maana mdogo wake Aloys alipojifungia chumba cha nyuma na kupigilia mbao madirisha yote mawili, watu walinuna.

"Yaya, bakiingia na mavumbi, rangi inaharibika," Aloys alijitetea kwa dada yake.

Kazi yake ilikuwa makete: mtaa mpya uliofanywa mdogo mezani, vijumba mia vya karatoni, vya kuonyeshwa wakubwa wa ujenzi kule Ibanda. Mapaa aliyapaka nyekundu kwa pistole, kidude kama kalamu kinachopuliza rangi ikawa ukungu. Pistole hiyo ilikuwa ya marehemu Cirhuza, aliyeianza makete humo humo ndani, alipokuwa amepanga chumba hicho. Cirhuza alikohoa mwezi mzima, akatema mate mekundu, akafa. Mtaa ukaamua kwamba mke wake, Georgette, ndiye aliyemloga. Adolphine mwenyewe aliieneza habari hiyo, tena kwa raha.

Siku ya tatu, mchana mweupe, Aloys alikuwa uani akila ugali, wageni watano wakicheka. Mtu akakohoa ndani ya chumba cha nyuma.

"Nani iko mule?" akauliza jirani yao Rosalie.

"Hakuna mutu."

Kikohozi kikasikika tena, kikavu, kirefu, cha mtu anayetafuta pumzi asiipate. Sahani ziliachwa pale pale. Rosalie alikimbia na kiatu kimoja. Aloys akawacheka, lakini kicheko kikageuka kikohozi, kile kile. Akaziba mdomo kwa leso. Leso ikatoka nyekundu.

Adolphine akaichukua. Wazazi alishazika, ndugu alibakiwa na huyu tu. Akaisugua kwa maji baridi, wekundu ukakataa kutoka. Akaimwagia esansi, petroli ile ya kusafishia pistole, ukayeyuka wote mara moja.

"Aloys! Haiko damu! Iko rangi, unaimeza!"

Akakaa chini kwa kishindo. Basi na Cirhuza naye ilikuwa rangi. Mwezi mzima ndani ya ukungu ule. Na Georgette wa watu akafukuzwa mpaka Katana, kwa mdomo wa nani?

"Weka ile pistole chini."

"Yaya, bakubwa banangojea makete siku ya posho, mwisho wa juma hii."

"Na weye tukuzike siku gani?"

Adolphine aling'oa mbao kwa panga, upepo ukapita dirisha hadi dirisha. Kwa ajili ya vumbi akaloweka shuka mbili, akazitundika madirishani: hewa ipite, vumbi linase. Akamfunga Aloys kitambaa puani, akamwagiza asimame mgongo kwa upepo, na kila akimaliza mstari wa nyumba atoke nje mpaka ukungu uishe. Shuka zikavutwa ndani, zikasukumwa nje, polepole, kama kifua cha mgonjwa.

Makete ilipokwisha, Aloys alikuwa analala bila kukohoa. Adolphine akaenda kuteremsha shuka ya dirisha la upande wa ziwa. Ilikuwa imeiva wekundu kote, isipokuwa katikati. Pale palibaki peupe, umbo la mtu mzima: kichwa, mabega, mkono mmoja umeziba mdomo, kama alivyokuwa akikohoa Cirhuza.

"Ni weye ulisimama hapa?"

"Mie? Nilikuwa ku dirisha ingine, yaya. Siku zote."

Aloys akatazama, akarudi nyuma mpaka ukutani. Mtu alisimama kati yake na dirisha, pale hewa ilipotokea kwenda nje, akiupokea ukungu.

Adolphine hakuifua. Akaikunja, akaifunga kifurushi, akamwita Rosalie ng'ambo ya ua.

"Lori ya Katana inapita saa ngapi?"

"Unaenda kufanya nini kule, maman?"

"Kumuonyesha Georgette hii. Na kupiga magoti."

Rosalie, aliyependa kuuliza kuliko kula, akamsindikiza mpaka kituo cha lori.

Juu ya lori Adolphine akakaa juu ya magunia. Kifurushi kilikuwa mapajani mwake. Kilipanda kidogo, kikashuka, kikapanda tena, kana kwamba kinapumua. Akaegemeza mikono pembeni, asikibane.