Fundo Kwenye Utepe

Mke wangu alikuwa hajawahi kuja kunitazama nikikimbia. Husema hana muda wa kwenda kuona babu mzima amevaa kaptula. Na mimi, miaka yote hii ya mbio za mtaani, sijawahi kuugusa utepe wa mwisho. Huo hukatwa na wa kwanza. Sisi wengine tunaukuta chini, umeshakanyagwa.

Leo goti hili hayawani liligoma katikati ya njia. Nilipokata kona ya mwisho nikichechemea, waandaaji walikuwa wanapakia viti kwenye gari. Mke wangu alikuwa pale, bado na aproni ya jikoni. Alikuwa ameuokota utepe, akaufunga fundo palipokatika, ncha moja kwenye nguzo ya taa, nyingine kaishika mwenyewe.

"Mama, mbio zimeisha," mwandaaji mmoja alimwambia.

"Zimeishaje, na mume wangu bado yuko barabarani?"

Nikafika, nikasimama mbele ya utepe. Hajui kwamba ni wa mshindi, na wa kumwambia si mimi.

"Pita basi, mzee," akafoka. "Mkono unaniuma."