Vichwa Viwili Kwenda

Shemeji yangu alipomvunja mdogo wangu ubavu kwa mara ya pili, niliamua kumpangia likizo. Sitanii. Siku saba, hoteli ya kitalii yenye mabwawa mawili ya kuogelea, kila asubuhi gari la kuwapeleka kuona hiki na kile, jioni muziki wa taratibu kando ya maji. Ningekuwa na ubavu wa kumpangia mazishi ningempangia, lakini mimi kazi yangu ni safari. Nimekaa kwenye ofisi ya utalii miaka kumi na minane, meza ya pili kutoka mlangoni.

Mdogo wangu alikuja saa ya chakula, akakaa kwenye kiti cha wateja akiegemea upande mmoja. "Dada," akasema, "safari hii niliusikia ukivunjika." Akajaribu kucheka, kicheko kikamuuma, akajishika. Nilisimama nikamwambia twende polisi sasa hivi, nitakwenda kupiga kelele mpaka wanisikie. Akanitazama kama ninayeota. Polisi alishakwenda mara mbili, na mara zote mbili walimpigia simu mumewe aje kumchukua.

Kukimbia nako alishajaribu. Tatizo ni kwamba huyo bwana ni mkaguzi wa tiketi za mabasi. Kila kondakta ni rafiki yake, na kila mpiga debe anamwamkia. Mwaka jana mdogo wangu alipanda basi alfajiri, na kabla hawajafika kituo cha tatu kondakta alishampigia mzee simu: "Mkuu, mama yuko huku kwetu, kiti namba tisa." Ndiyo siku ya ubavu wa kwanza. Ndani ya nchi hii hakuna kona angejificha. Ilibidi avuke mpaka, na kuvuka mpaka kunataka pasipoti, na pasipoti yake mumewe ameifungia kwenye sefu pamoja na vyeti vyake vya shule. Ufunguo anautembeza shingoni, analala nao, anaoga nao.

Sasa nani duniani anaweza kumfanya mtu wa namna ile afungue sefu kwa hiari yake? Nilifikiri siku mbili, nikapata jibu. Mapokezi ya hoteli ya kitalii. Pale huingii bila pasipoti ya kila kichwa, uwe waziri, uwe nani.

Kuna hoteli moja karibu na mpaka ambayo kila mwaka hutupa sisi makarani wiki ya bure kwa watu wawili, ili tukirudi tuisifie kwa wateja. Nikampelekea shemeji barua yenye nembo ya hoteli. Nikamwambia, "Shemeji, mimi nani wa kukaa mapumziko peke yangu, nendeni nyinyi, mkapige picha." Mwanaume yule na vitu vya bure! Aliisoma barua ile mara tatu, akaigeuza hata nyuma, akatafuta kasoro kama anavyotafuta kwenye tiketi. Hakuiona. Akaniambia, "Leo umefanya la maana, shemeji." Nilitabasamu mpaka mashavu yakaniuma.

Ratiba niliipanga kwa mapenzi, nakiri. Siku ya kwanza wapokelewe, wapumzike. Siku ya pili ngome ya zamani na soko la vinyago. Ya tatu mashamba ya maua. Ya nne maporomoko, na hapo ndipo penyewe, kwa sababu maporomoko yale yana daraja, na ng'ambo ya daraja ni nchi nyingine. Wageni huvuka asubuhi wakiwa na pasipoti mkononi, wanapiga picha, wanarudi mchana. Ng'ambo kule nina rafiki, mwongoza watalii, mwanamke mmoja mkavu asiyeogopa mtu. Mdogo wangu angeomba kwenda chooni, angetokea mlango wa pili, basi. Siku ya tano hadi ya saba nilizijaza vilevile, safari ya mtumbwi, makumbusho, ununuzi. Kazi nusu mimi siijui.

Dereva alikuwa Kobe. Tunamwita Kobe kwa sababu mbuzi humpita barabarani, lakini hajawahi kugonga hata kuku, na siri ukimpa amekufa nayo. Nilimweleza yote. Akasema, "Sawa," akaendelea kufuta kioo.

Hapo sasa nieleze ujinga wangu, maana hakuna mwingine wa kumlaumu. Ofisini kwetu kila safari ina karatasi mbili: ratiba ya mgeni, na karatasi ya dereva yenye idadi ya vichwa, kwenda na kurudi. Mwaka wangu wa kwanza dereva alimsahau bibi mmoja maporomokoni, akalala kwenye kibanda cha walinzi, na tangu hapo mimi siandiki idadi ya uongo hata nikishikiwa panga. Na tangu hapo pia kila mgeni nampa nakala ya karatasi zote mbili, asije akasema hakuambiwa. Mkono umezoea. Unapiga stepla wenyewe, unatia kwenye bahasha wenyewe, mimi huku naongea na simu. Nikampelekea mdogo wangu bahasha siku mbili kabla ya safari, nikaenda zangu kulala, nikalala kama mtoto.

Kesho yake, saa sita na dakika tano, simu ikalia. Niliposikia anavyohema nikajua.

"Dada, ameiona. Amesoma karatasi ya nyuma. Siku ya nne, kwenda vichwa viwili, kurudi kichwa kimoja."

Mungu wangu. Niliona giza.

"Yuko wapi?"

"Anakuja kwako. Amenifungia kwa nje. Pasipoti ziko hapa kitandani, alikuwa anazipanga kwenye begi ndipo akaiona. Alisema akitoka kwako anarudi kwangu. Dada, ameondoka ametulia. Hajanipiga hata kofi."

Hilo la kutulia ndilo lililonitisha. Nikamwambia achukue pasipoti, avae viatu, akae nyuma ya mlango, asipokee simu ya mtu yeyote. Nikampigia Kobe. Alikuwa uwanja wa ndege ameshusha wageni. "Una mtaimbo garini?" "Ninao." "Nenda nyumbani kwa mdogo wangu, vunja mlango, mpeleke mpakani moja kwa moja, leo, usisimame popote." Kobe akafikiri kidogo. "Dakika arobaini," akasema. "Kimbiza, Kobe, nakuomba." "Hiyo ndiyo ya kukimbiza."

Nikatazama saa ya ukutani. Kobe angefika saa saba kasoro robo. Kutoka ofisini hadi kwa mdogo wangu ni dakika kumi kwa miguu. Ningeweza kufunga ofisi nikakimbia, bosi alikuwa harusini, nilikuwa peke yangu. Lakini shemeji angekuta kufuli, na angerudi nyumbani. Kwa hiyo nikakaa. Nikavua hereni nikazitia kwenye droo.

Aliingia saa sita na robo. Akafunga mlango, akashusha komeo, akaiweka karatasi mezani akainyoosha kwa kiganja.

"Shemeji," akasema, "nani harudi?"

"Haa! Hiyo si ni makosa ya kuandika?" Nikaangua kicheko, sijui nilikitoa wapi. "Kaa shemeji, tuirekebishe wote. Ngoja nikuoneshe kwenye ramani."

Akakaa. Haki ya Mungu, alikaa, kwa sababu ndani ya moyo wake bado alikuwa anaitaka ile wiki ya bure. Nami nikampangia likizo upya, siku baada ya siku, taratibu, kama sina kazi nyingine duniani. Chumba kinachotazama bwawa au kinachotazama bustani? Ngome waiendee asubuhi au alasiri, maana alasiri jua linapiga usoni na picha hazitoki. Anapenda mtumbwi? Ana kizunguzungu? Kitanda kimoja au viwili? Nilimweleza habari za mashamba ya maua mpaka mimi mwenyewe nikachoka na maua. Nilifika siku ya tatu saa ikiwa sita na dakika ishirini na nane. Hapo akatoa simu, akampigia mkewe. Ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena.

"Hapokei," akasema, akasimama.

"Labda anaoga. Tumalizie siku ya nne."

"Siku ya nne nimeshaielewa." Akaanza kwenda mlangoni.

Dakika kumi na saba zilikuwa zimebaki. Maneno matamu yalikuwa yameniishia, na mdomo wangu, wote wanaonijua wanajua, hauna breki. Nikamwachia.

"Nenda basi!" nikasema. "Miaka yote unakagua tiketi za watu, mke wako anasafiri hujui! Si mkaguzi wewe, ni kipofu mwenye kofia!"

Mkono wake ulikuwa umeshashika komeo. Akauacha.

"Umesema?"

"Nimesema ndiyo, anakuacha. Mimi ndiye niliyepanga, kwa mkono huu. Na barua ukaisoma mara tatu! Ukaniita shemeji wa maana! Nilikwenda kucheka chooni."

Ngumi ya kwanza sikuiona. Niliona dari. Nilipoinuka nilikuwa nimeshika kona ya meza na mdomo umejaa damu na kitu kigumu, nikakitema, jino. Akanikamata nywele akanigonga juu ya droo, akaivuta droo, akaushika mkono wangu wa kulia, ule niliousifia mwenyewe, akautia ndani akaifunga kwa goti. Mara moja. Mara mbili. Nilisikia vidole, na nikakumbuka mdogo wangu alivyosema aliusikia ubavu. Kumbe ni kweli unasikia.

"Yuko wapi sasa hivi?"

"Mbinguni," nikasema. "Anakusalimu."

Akanipiga kwa stepla, ile kubwa ya chuma tunayobania vitabu. Alinipiga kwenye taya, ikalia, na tangu hapo maneno hayakutoka tena, yalitoka mapovu. Akaona sisemi. Akaona nimekwisha. Akajifuta mikono kwa ratiba ya wateja wengine kabisa, akageukia mlango.

Saa ilikuwa sita na dakika thelathini na sita.

Nilijitupa sakafuni nikamshika mguu. Nikaukumbatia kwa mikono miwili, mmoja mzima na mmoja chakavu, nikatia meno yaliyobaki kwenye shavu la mguu wake kupitia suruali. Alipiga yowe! Mtu anayevunja mbavu za wenzake alipiga yowe kama ameng'atwa na siafu. Alinikanyaga kwa mguu wa pili, mgongoni, shingoni, mgongoni. Sikuachia. Aliniburuta hadi mlangoni, nikaburutika, tukaangusha kabati la vipeperushi, hoteli zote za nchi zikatumwagikia. Nilikuwa nahesabu mateke ili nisilale. Nilifika thelathini na moja.

Kinyozi wa mlango wa pili ndiye aliyevunja kioo. Aliingia na wateja wake wawili, mmoja amenyolewa nusu kichwa, wakamvaa shemeji wakamlaza chini wakamkalia. Kinyozi alilazimika kunifungua taya kwa vidole ili nimwachie mguu. Jambo la mwisho nililoliona ni saa. Saba kasoro dakika nane.

Hospitali walinifunga taya kwa waya, mkono kwa plasta. Shemeji alilala polisi usiku mmoja. Kesho yake akatoka kwa dhamana, na kinyozi alipokuja kunitazama aliniambia wamemwona stendi anaongea na makondakta, anachechemea.

Jioni hiyo muuguzi akaniletea simu, akaishikilia sikioni mwangu.

"Dada? Nimefika. Nimevuka. Kobe alivunja mlango kwa pigo moja, dada, Kobe huyuhuyu! Nimelala mpaka saa tano. Hakuna aliyeniamsha. Dada? Mbona husemi? Umenikasirikia?"

Nikamtikisia muuguzi kichwa. Asiseme. Muuguzi akaelewa, Mungu ambariki. "Dada yako ana mafua," akasema, "sauti imekwenda."

"Yeye? Sauti imekwenda?" Mdogo wangu akacheka. Kisha kicheko kikakatika. "Mume wangu alimkuta ofisini," akasema. "Hakukimbia. Alimngoja. Amemfanya nini? Niambie! Ninakuja. Nageuza sasa hivi, ninakuja."

Nilimnyang'anya muuguzi kalamu kwa mkono wa kushoto. Nikaandika kwenye shuka, herufi kubwa zilizopinda, mbaya kuliko za mtoto wa chekechea. Muuguzi akainama akasoma.

"Anasema ukirudi hakutambui."

Upande wa pili nilisikia analia, kama alivyokuwa akilia mdogo, kwa kuvuta pumzi. "Mwambie sitamwacha huko peke yake," akasema. Nikapigilia mstari chini ya maneno yaleyale mpaka kalamu ikatoboa shuka. Simu ikakatika. Sikujua amekata kwa kukubali au kwa kuanza safari.

Toka mpakani hadi mjini ni safari ya siku moja. Nilimpa siku tatu. Sikulala. Kila mlango wa wodi ulipofunguliwa nilishika ukingo wa kitanda. Waliingia wafagizi, wakaingia wauguzi, akaingia mama mmoja na uji wa jirani yangu. Mdogo wangu ni mimi niliyemlea, na nilikaa siku tatu mchana na usiku nikimwomba Mungu nisimwone akiingia.

Siku ya nne asubuhi mlango ukafunguliwa, alikuwa daktari tu. Nililia mpaka akadhani waya umenikata.